Usikifuate kitu kwa ncha ya chuma: kuchagua na kutumia kifaa cha kuchimbia unapotafuta metali ardhini

Swali la msomaji: Nina miezi mitatu tangu nianze kutafuta sarafu na vitu vya kale kwa kigunduzi cha metali. Nachimba kwa mwiko wa bustani, na shingo yake imeshapinda mara mbili. Juzi nimetoa sarafu ya fedha yenye mkwaruzo mpya unaong'aa katikati. Mwenye uwanja wa nyasi aliyeniruhusu kuchimba anasema kila nilipochimba pamebaki doa la nyasi kavu. Na ikifika jioni kifundo cha mkono kinauma. Ninunue kifaa gani?

Jibu:

Pole kwa hiyo sarafu. Mkwaruzo mpya kwenye fedha ya zamani hauondoki, na ukiusugua utaharibu zaidi, kwa hiyo iache ilivyo. Mimi nina vipande viwili vya pete niliyoikata miaka mingi iliyopita kwa pigo moja la sepeto. Naviweka ndani ya kisanduku cha vifaa, na kila nikikifungua naviona.

Umeleta malalamiko manne, lakini chanzo chake ni kimoja. Mwiko umepinda, sarafu imekwaruzwa, nyasi zimekufa na mkono unauma kwa sababu unakifuata kitu chini kwa ncha ya chuma, unachokonoa na kupekecha mpaka ukifikie. Kazi yetu haiko hivyo. Tunakata udongo kukizunguka kitu, tukiwa mbali nacho, kisha tunaunyanyua udongo huo ukiwa bado umekibeba. Ukilishika hilo, kuchagua kifaa si kazi ngumu tena, maana unajua unatafuta kisu cha kukatia ardhi, wala si kijiko cha kuchotea udongo.

Kwanza hakikisha unajua kitu kilipo. Koili ni ile sahani iliyo mwisho wa kigunduzi, unayoipitisha juu ya ardhi. Nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa nyaya mbili zenye umbo la D zilizopandana katikati, na mahali zinaposikia vizuri ni ule mstari wa katikati unaotoka mbele kwenda nyuma. Pitisha koili juu ya mlio, kisha zunguka robo ya duara usimame upande mwingine, upitishe tena. Mistari hiyo miwili inapokatana ndipo kilipo kitu. Mlio ukitoka mara mbili katika pitio moja, huenda kitu kiko juu juu, au sarafu imesimama kwa ukingo. Inua koili kidogo usikilize upya. Kwenye mteremko kuna jambo linalowasumbua hata wazoefu: koili imelala na mteremko, kwa hiyo kitu kiko chini yake kwa pembe ile ile, si chini wima kama jiwe lililoning'inia kwenye uzi. Ukichimba wima mahali pa mteremko utapita pembeni mwa kitu, au utakigonga kwa ubavu wa kisu.

Sasa tuje kwenye nyasi, maana ndiko ulikoumia.

Piga magoti. Tandika kitambaa cha turubai au mfuko uliopasuliwa karibu na mkono wako, kwa sababu hakuna punje ya udongo itakayomwagwa juu ya nyasi. Kutoka katikati ya mlio pima upana wa kiganja, yaani sentimita 8 hadi 10, na hapo ndipo kisu kinapoingia. Mlio ukiwa hafifu, maana yake kitu huenda kiko chini sana, ongeza upana. Kosa dogo la kupima juu huwa kosa kubwa kule chini. Ingiza kisu kikiwa kimesimama wima kabisa. Wengi wanakilaza ncha ielekee ndani, kuelekea kitu, wakidhani watakinyanyua kwa chini, na hapo ndipo sarafu zinapokatwa. Zaidi ya hapo, kisu kilicholazwa kinatoa donge lenye umbo la koni, nyembamba kwa chini, lisilo na udongo wa kutosha kuilisha mizizi.

Kata kwa umbo la kwato ya farasi: robo tatu ya duara, na robo moja uiache bila kuikata. Robo hiyo ndiyo bawaba. Shuka sentimita 10 hadi 12 ili mizizi itoke pamoja na udongo wake. Ukimaliza kukata pande zote, na si kabla, pitisha kisu chini ya donge kutoka upande unaoikabili bawaba, weka kiganja cha mkono wa pili juu ya nyasi, kisha ulifungue donge polepole kama unavyofungua mlango mdogo. Utasikia mizizi ya chini ikikatika moja moja. Ukiona donge linakataa, usilazimishe. Kuna mzizi mnene ambao hujaukata, basi urudie kwa meno ya kisu.

Donge likishalala chali, chukua kigunduzi kidogo cha mkononi, kile chenye umbo la karoti, ukipitishe kwanza juu ya donge lenyewe kabla ya kugusa shimo. Mara nyingi sana kitu kimo ndani ya donge, na anayeanza anachimba shimo refu kutafuta kile alichokwisha kukitoa. Kifaa hiki husikia sentimita chache tu, na huo ndio uzuri wake. Kinapoanza kulia, kisu kinalala chini. Kuanzia hapo ni vidole peke yake, mpaka kitu kiko mkononi. Sina msimamo mkali katika mambo mengi ya shughuli hii, lakini katika hili ninao. Chuma kisikae kati yako na kitu unachokitafuta.

Kitu kikitoka, pima tena ndani ya shimo, kwani pochi iliyodondoka haikuwa na sarafu moja. Kisha mimina udongo wa kwenye kitambaa urudi wote chini, ugandamize kwa ngumi, funga donge, ulikanyage kwa kisigino ukizunguka ukingo wake. Pakibaki nafasi ya hewa chini ya donge, mizizi inakauka, na hilo ndilo doa alilolalamikia mwenye uwanja. Kama una chupa ya maji, mimina kidogo. Na ardhi ikiwa imekauka ikawa ngumu, nyasi zimegeuka rangi, usikate madonge kabisa. Hata mkono mzuri hauwezi kuziokoa nyasi ambazo tayari zina kiu.

Kwa kitu kilicho juu juu, chini ya sentimita 5, wapo wanaotumia bisibisi butu: wanagusa taratibu mpaka waisikie sarafu, wanaifungulia njia ndogo kwenye nyasi na kuinyanyua. Nyasi hazijui kama umepita. Ila ncha lazima ikiguse kile unachokitafuta, kwa hiyo mimi naitumia mahali ambapo natarajia sarafu za kisasa tu. Ukiipenda njia hiyo, tafuta kijiti cha shaba badala ya chuma, maana ni laini zaidi.

Kisu chenyewe kiweje? Mwiko wa bustani umetengenezwa kwa ajili ya udongo laini wa chungu cha maua. Bapa lake ni bati lililofinyangwa, na linaungana na mpini kwa shingo nyembamba. Nguvu yako yote inakutana hapo, kwa hiyo ndipo unapopinda. Ukienda kununua, kitazame kifaa kwenye shingo kabla hujatazama kitu kingine. Kilicho bora ni kile ambacho bapa na mkia wake ni kipande kimoja cha chuma kinachopita ndani ya mpini hadi mwisho. Kama kimechomelewa, zungusha kidole kwenye maungo. Unataka mshono uliozunguka mfululizo, si nukta mbili tatu za kushikiza. Bapa liwe na unene wa milimita 3 hivi, urefu wa sentimita 17 au 18, upana wa vidole vitatu, na liwe limekunjwa kidogo kama mfereji, kwa sababu umbo la mfereji ndilo linalolifanya lisipinde. Bapa lisilo na mkunjo wowote hupinda hata likiwa nene.

Meno ya msumeno kwenye ukingo mmoja yanasaidia sana penye mizizi, lakini hakikisha yako upande ambao mkono wako unavuta. Anayetumia mkono wa kushoto mara nyingi huuziwa kifaa chenye meno upande usiomfaa. Alama za sentimita zilizochongwa kwenye bapa si pambo: zinakuonyesha umeshuka kiasi gani, na kitu ulikikuta wapi. Kati ya bapa na mpini pawe na kizuizi, kwa sababu mkono wenye jasho huteleza, na chini yake kuna meno. Kwa sababu hiyo hiyo ala iwe ya ngozi nene au plastiki ngumu. Ala ya kitambaa hukatwa na meno baada ya muda, halafu linalofuata ni paja lako. Mwisho, mpini uwe na rangi inayopiga kelele. Kifaa cheusi kilichosahauliwa kwenye nyasi hakionekani hata ukisimama hatua nne kutoka kilipo.

Kuhusu chuma kinachoshika kutu na kisichoshika, watu hubishana kuliko inavyostahili. Chuma cha kawaida, kile kinachoshika kutu, hunoleka vizuri na hushika makali, ila kinataka kufutwa na kupakwa mafuta kila siku ya kazi. Kisichoshika kutu ni lazima pwani na kwenye matope, kwingineko ni hiari. Vyote viwili husikika na mashine, kwa hiyo kiweke kisu hatua moja au mbili mbali na koili unapopima tena shimo. Nimewaona watu wakichimba nusu mita kuufuata mlio wa kifaa chao wenyewe kilichokuwa kimelala ukingoni. Viatu vyenye chuma mbele navyo huleta balaa hilo hilo.

Hicho ndicho kisu, na kwa viwanja vya nyasi ndicho ningekishauri kwanza. Lakini ukitoka kwenye nyasi ukaingia shambani, kirudishe kwenye ala. Kwenye shamba lililolimwa hakuna nyasi za kulinda, ardhi imeshageuzwa mara nyingi, na kupiga magoti mara mia kwa siku ni kujiumiza bure. Pale unataka sepeto nyembamba, yenye bapa la upana wa kiganja na nusu, pa kukanyagia palipo bapa, na mpini unaofika nyongani wenye mshiko wa kukingama juu. Sepeto za kukunja za kijeshi ziepuke. Bawaba yake hulegea, na sepeto inayocheza haikati pale ulipoilenga. Simama, pima sentimita 15 kutoka katikati ya mlio, kata pande nne kwa uzito wa mwili wako na si kwa kurukia, kisha nyanyua tofali zima la udongo uliweke pembeni. Pitisha koili juu yake. Kama tofali linalia, livunje kwa mikono. Kama shimo ndilo linalolia, panua kwanza kabla ya kushuka. Jembe la trekta kwa kawaida hugeuza sentimita 20 hadi 30 za juu. Ukiona rangi ya udongo inabadilika na kuwa mgumu ambao haujawahi kuguswa, hapo simama. Vilivyo juu ya mpaka huo vimeshahamishwa na jembe, lakini vilivyo chini yake vinaweza kuwa bado vimelala vile vile vilivyowekwa, na mpangilio wake una habari ambayo kitu peke yake hakina.

Pwani sina mengi ya kusema: tumia upawa mkubwa wa matundu, wa chuma kisichoshika kutu. Kwenye mchanga mkavu, wa mkono unatosha. Kwenye mchanga wa maji unataka wenye mpini mrefu na kisigino cha kukanyaga. Tazama matundu, kwani makubwa huchuja haraka na pia huiachia hereni ipite. Uingize nyuma ya kitu, si juu yake, na shimo ulifukie hata kama maji yanakupa matumaini ya kulifukia. Mtu anayetembea pale usiku halioni.

Penye mawe na changarawe, hasa kwa wanaotafuta punje za dhahabu, kisu hakifai na sepeto hugonga mwamba. Sururu ndogo ya mkono mmoja, upande mmoja ncha na mwingine bapa, ndiyo kifaa. Wengi hubandika sumaku yenye nguvu kwenye kichwa chake, na ninawaunga mkono: misumari na vipande vya waya huning'inia vyenyewe, na dhahabu haishikwi na sumaku. Hapa kuna mbinu ambayo hata wa nyasi anaweza kuitumia. Chota udongo unaolia kwa kijiko kikubwa cha plastiki, uupitishe juu ya koili iliyolazwa chini. Ukilia, mimina nusu mkononi, pitisha nusu iliyobaki. Endelea kugawa nusu kwa nusu, na baada ya mara nne tano una kijiko chenye kokoto chache na kile unachokitafuta. Hakikisha pete na saa umevivua kwanza.

Mkono unauma kwa sababu unatumia kisu kama mtaimbo. Kila unapokisukuma chini kisha ukavuta mpini kubandua udongo ambao haujakatwa upande wa pili, kifundo ndicho kinachobeba mzigo. Shika mpini kwa ngumi iliyofunga, kiganja cha mkono wa pili kiwe juu ya kitako chake, bega liwe juu ya mikono, ukisukume kwa uzito wa kifua. Udongo ukiwa mgumu, rudia mchomo ule ule mara mbili tatu kwa kina kidogo kidogo badala ya mmoja wa nguvu. Vaa glavu: mtafuta metali ndiye mtu anayekutana na bati lenye kutu na vigae vya chupa kila siku, na chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati. Pedi za magoti zitakuongezea miaka kwenye shughuli hii.

Makali nayo yanapunguza nguvu unayohitaji. Kila baada ya siku kadhaa pitisha tupa upande mmoja wa ukingo, na meno uyapitie moja moja kwa tupa ya duara. Usikifanye wembe, maana ukingo mwembamba sana hubanjuka unapogonga jiwe. Ukikata karatasi nene bila kuirarua, imetosha.

Kuna wakati kifaa bora ni kilichorudishwa kwenye ala. Tarehe 16 Novemba 1992, kijijini Hoxne nchini Uingereza, Eric Lawes alikwenda shambani na kigunduzi chake kumtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea. Akakutana na sarafu na vijiko vya fedha vya enzi za Warumi. Alitoa vichache, akaona kilichoko chini ni kikubwa, akaacha kuchimba na kutoa taarifa. Wanaakiolojia walifukua siku iliyofuata, na kwa sababu alikuwa ameacha, waliweza kuona jinsi hazina ile ya sarafu zinazokaribia 15,000 ilivyopangwa ndani ya sanduku la mbao ambalo lilikuwa limeshaoza. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko katika Makumbusho ya Uingereza pamoja na hazina. Angeendelea kuchota kwa sepeto, sarafu zingekuwepo zile zile, lakini lile sanduku lisingejulikana na mtu yeyote.

Kwa hiyo ukitoa vitu viwili vitatu vinavyofanana kutoka shimo moja, au ukaona mifupa, au vigae vingi vilivyokaa pamoja, acha. Weka alama, piga picha ukiwa umeweka kisu pembeni kama kipimo, na umjulishe mwenye ardhi na mamlaka ya mambo ya kale. Sheria za kutafuta, na hata za kumiliki kigunduzi, zinatofautiana kati ya nchi na nchi, na kuna nchi zinazotaka kibali cha serikali kabla hujatoka nyumbani, hata kama mwenye ardhi amekubali. Acha pia ukipata mlio mkubwa unaokwenda kwa mstari mrefu, kwani huenda ni bomba au waya wa umeme. Na kipande kizito cha chuma chenye umbo la silinda na ncha usikiguse, usikigonge kukisafisha, usikinyanyue kukiangalia. Mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa bado yanatoa mabomu ya vita vya 1914 hadi 1918 kila mwaka, na kuzeeka hakujayapoza. Ondoka kwa njia uliyojia uite wanaohusika.

Sasa kuhusu yale madoa. Kabla ya kununua chochote, rudi kwa mwenye uwanja umwombe uyatengeneze. Fungua kila donge lililokauka, vunja udongo wa chini kwa vidole, jaza palipobonyea, rudisha donge kama mizizi yake bado ina uhai au panda nyasi mpya kama imekufa, gandamiza, mwagilia. Rudi baada ya siku chache umwagilie tena. Ukifika na kisu kipya, kata donge la kwanza mbele yake, mahali pasipo na mlio wowote, ulifunge, umwache alitafute.